Mtamba wa Rambirambi

Mimi sijawahi kupewa kitu nisiulize kwa nini nimepewa. Hata siku Leonidas alipokuja kunichumbia kwetu Kaengesa, na kitenge kimoja na sukari kwenye mfuko wa karatasi, wakati ule sukari ikipatikana kwa kujuana, nilimwuliza mbele ya mama yangu sukari ile ameitoa wapi. Mama alinifinya paja. Leonidas alicheka mpaka akakohoa, na baadaye aliniambia ndipo aliponipenda, ingawa mimi nilikaa mwaka mzima nikidhani alikuwa ananicheka.

Basi alipokufa, nikakalishwa mkekani chumbani kwangu Majengo, kanga kichwani, na watu wakaanza kuingia kunipa pole, sikuweza kuacha tabia yangu mlangoni. Nilitazama mikono yao. Nani ameleta nini, na kwa nini.

Leonidas alikufa na lori la mahindi kwenye barabara ya Tunduma. Ilikuwa miaka ile biashara ya nafaka imeachiwa huru, ushirika umelala, na kila mwenye magunia matano na mizani ya kuazima alijiita mfanyabiashara. Leonidas alikuwa na mizani yake mwenyewe. Alinunua mahindi na ulezi vijijini, akanunua mpunga huko chini bondeni, akajaza stoo yetu hapo mbele ya nyumba, kisha akapanda juu ya shehena pamoja na mzigo, maana hakumwamini dereva. Kwa hilo tulifanana. Lori lilipinduka kilimani, dereva akatoka na michubuko, mume wangu akaletwa nyumbani amefunikwa turubai.

Kwetu huku kutoa pole kuna adabu yake. Mwanamke huja na unga katika beseni, wa mahindi au wa ulezi, ameufunika kanga. Huuweka jikoni kwanza, ndipo aingie kulia. Mwanamume hukunja noti mpaka ikawa ndogo sana, akaiweka kwenye sahani pale barazani, na anayekaa na sahani hutaja jina lake kwa sauti ili watu wasikie. Msibani kwangu aliyekaa na sahani ni wifi yangu Coleta, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Asiyekuja huulizwa yuko wapi. Aliyetoa kidogo husemwa baada ya mazishi, watu wakishashiba. Aliyetoa kikubwa mno husemwa papo hapo.

Na kuna jambo moja ambalo kila mjane wa Sumbawanga analijua hata kama hajaambiwa. Rambirambi ni ya mfiwa. Mali ya marehemu ni ya ukoo, mpaka ukoo ukae siku ya kuanua matanga uigawe. Hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, alipokufa Beda, mdogo wake Leonidas, miaka miwili nyuma. Kaka yao mkubwa, Eustace, alichukua baiskeli, akachukua mabati, akang'oa na mlango. Mjane wa Beda, Zita, aliondoka na sufuria zake na rambirambi aliyopewa, akarudi kwao anavuta watoto. Leonidas alikuwemo kwenye kikao kile. Alirudi nyumbani usiku, nikamtengea chakula, hakula. Nilijua anatafuna neno. Nikafikiri na yeye amepewa fungu lake anaona haya kuniambia, nikamnunia wiki nzima.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Toka tulipotoka makaburini, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Eustace. Alikuwa akija kunipa pole, ananiita shemeji kwa sauti ya kanisani, na mkono wake umo mfukoni unauchezea ufunguo. Nilikuwa na watoto watatu, mkubwa wao Sharon, aliyekuwa sekondari ya kulipia. Kila nilipomtazama Sharon akibeba maji nilijiuliza ataondoka na nini, sufuria ipi.

Siku ya pili baada ya mazishi likaja tukio la kadi. Tajiri mmoja wa Mbeya, aliyekuwa akinunua mzigo kwa Leonidas, hakuja wala hakutuma noti; alimpa dereva wake bahasha nyeupe. Coleta akaifungua pale barazani kwa kunyoosha shingo. Ndani mlikuwa na kadi inayong'aa, ina maua na maandishi ya Kiingereza ya kupindapinda. Akaigeuza, akaikung'uta, hakikuanguka kitu.

"Nani anaoa?" akauliza mama mkwe wangu, maana alizoea kuona kadi za harusi tu.

"Ni kadi ya pole, bibi," akasema yule dereva, jasho linamtoka. "Siku hizi mjini wanatuma hivi."

"Tuichemshe kwa maji mangapi?" akauliza Coleta, na baraza zima likacheka msibani. Hata hivyo alilitaja jina la tajiri kwa sauti, kwa sababu adabu ni adabu. Mimi niliomba niletewe ile kadi. Niliitazama pembe zote nikitafuta ana maana gani, mtu aliyetajirika kwa mahindi yetu kutuma maua ya karatasi. Nikaamua anaogopa tutamdai. Watu wote niliwapatia maana namna hiyo, wala sikukosea sana.

Kisha akaja Malimi.

Malimi alikuwa Msukuma, mfugaji, wa wale walioshuka bondeni na makundi yao ya ng'ombe toka kaskazini wakitafuta malisho. Mtu mrefu, kofia ya pama, viatu vya matairi, fimbo begani. Nilikuwa nimemwona mara chache nyumbani kwangu. Alikaa na Leonidas uani wakiongea chini chini, na kila nilipotoka na maji ya kunywa waliacha, wakaanza kusifia mvua. Mwanamke yeyote mwenye akili angeweka alama hapo.

Safari hii alikuja na mkewe Kabula, na nyuma yao kamba, na kwenye kamba mtamba mwekundu, mnene, mwenye baka jeupe kifuani. Nilimwona kupitia dirishani. Wanaume waliokuwa wakiota moto waliinuka wote. Coleta, aliyekuwa amezoea noti, hakujua aweke wapi ng'ombe kwenye sahani.

"Malimi wa bondeni!" akapaza sauti. "Mtamba mmoja!"

Eustace alitoka haraka akampokea kwa mikono miwili. Nyama ya msiba ilikuwa imebaki mifupa, na waombolezaji toka Kaengesa walikuwa bado wanafika. "Mungu akubariki, ndugu yangu," akasema. "Vijana, tafuteni kisu."

"Huyu si wa kuchinjwa," akasema Malimi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno alilitua. "Ni rambirambi. Ni wa mama."

Vijana waliokuwa wameanza kutafuta kisu wakasimama. Halafu nikasikia wanawake waliokuwa wamekaa nami mkekani wakivuta pumzi, mmoja baada ya mwingine, na wakanigeukia. Wa mama. Mwanamume wa mbali, asiye ndugu wala jirani, analeta mtamba mzima, anasema asiliwe na watu, ni wa mama. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa amenishika mkono tangu asubuhi, aliuachia taratibu.

Uso uliniwaka. Nikaanza kupanga, maana ndivyo kichwa changu kilivyo. Kwanza, shamba letu la Kaengesa. Wafugaji walikuwa wanatafuta ardhi kila kona. Huyu ataacha ng'ombe hapa leo, kesho aje aseme alishanilipa. Pili, kifo chenyewe. Pamoja na mahindi, lori lilikuwa limepakia mpunga wa bondeni. Nani ajue yeye na Leonidas waligombania nini, na mkosaji mara nyingi ndiye anayeleta pole kubwa. Tatu, mimi mwenyewe. Nilikuwa mjane wa siku tatu, nina miaka thelathini na kitu, na mwanamume huyo ananitengea ng'ombe mbele ya watu. La tatu ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu niliona tayari limeshaandikwa kwenye nyuso za wenzangu.

Nikapaza sauti toka mkekani, jambo ambalo mjane hatakiwi kulifanya. "Shemeji Eustace! Kama ni wangu, mimi nasema achinjwe. Watu wale."

"Haswaa," akajibu Eustace. "Mmesikia?"

Nilidhani nimemaliza kazi. Chakula cha msiba hakidaiwi. Kikishaliwa na watu wote, hakuna atakayekuja kusema nilimpa Bertilla kitu. Nilijisikia mwerevu sana.

Ndipo Kabula alipoingia. Aliweka beseni la mchele jikoni kama inavyotakiwa, akaja chumbani, akapiga magoti mbele yangu, akajifunika kanga na kuanza kulia. Alilia vizuri, kwa sauti ya juu, mpaka wenzangu wakapokea na chumba kikajaa kilio. Katikati ya kelele hiyo aliinamisha kichwa begani kwangu.

"Mayu," akaninong'oneza, ndivyo wanavyomwita mama. "Huku kwenu rambirambi ni ya nani?"

Nikamwangalia kwa jicho la pembeni. "Ya mfiwa."

"Na mali ya marehemu?"

"Ya ukoo."

"Basi huyu ni rambirambi," akasema, akainua kichwa akaendelea kulia.

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado natafuta hila. Nikakumbuka wale wawili uani na mvua yao. Nikakumbuka miaka miwili ya mwisho Leonidas akisema biashara mbaya, biashara mbaya, na huku stoo inajaa na kumwagika. Nikakumbuka Zita na mlango wake. 

Nje nilisikia mtamba akilia, wanamlaza.

Niliinuka. Wakanishika, maana mjane hatoki mkekani mpaka matanga yaanuliwe, nikawakung'uta. Nilitoka barazani kichwa wazi, kanga imeniangukia mabegani, nikapita katikati ya wanaume na moto wao. Kijana wa Eustace alikuwa ameshapiga goti juu ya shingo ya ng'ombe na kisu mkononi.

"Mwache," nikasema.

"Shemeji, si umesema mwenyewe achinjwe?"

"Nimebadili neno. Rambirambi ni yangu. Anayetaka nyama na alete ng'ombe wake."

Sijui kama unajua maana ya maneno hayo msibani. Hata mchawi hawanyimi watu nyama ya msiba. Wazee walitazama chini. Coleta alisimama na sahani yake mkononi akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, na nilijua anaona nini, kwa sababu ningekuwa mimi ningeona hivyo hivyo. Nilifungua kamba mwenyewe, nikamfunga mtamba nyuma ya nyumba, nikarudi mkekani. Hakuna aliyenishika tena mkono.

Toka hapo msiba ulikuwa na vilio viwili. Mchana walimlilia Leonidas, na jioni jikoni walininong'ona mimi. Nami sikulala. Kuelewa nilikuwa nimeelewa: mume wangu alikuwa akipeleka fedha yake bondeni inageuka ng'ombe, mbali na macho ya kaka yake. Lakini nani aliyejua ni wangapi? Karatasi hapakuwa nayo, shahidi hapakuwa naye. Palikuwa na neno la Malimi tu, na Malimi ni mtu aliyekuwa akinyamaza nikitoka na maji. Labda walikuwa thelathini na ameniletea mmoja ili nifumbe mdomo, nishukuru, nimwone mtu mwema. Wezi wa kweli hutoa kidogo kwa mikono miwili. Na nilikuwa siwezi kumwuliza, kwa kuwa swali lenyewe likisikika tu, Eustace angeyabeba makundi yote. Nilikaa mkekani nikimshuku mwanamume pekee aliyekuwa anaweza kuniokoa, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani. Katekista alisali, tukapaka mafuta, kisha Eustace akafungua kikao. Malimi na Kabula walikuwa wameitwa rasmi. Eustace hakuwa mjinga; mtu mchoyo huona mbali.

"Tunamshukuru Malimi kwa mtamba," akaanza. "Lakini ukoo una swali. Marehemu alikuwa na ng'ombe kwako?"

Malimi alivua kofia. "Marehemu hana ng'ombe kwangu. Hata mkia."

"Unaweza kusema hivyo mbele ya msalaba?"

Akaweka mkono juu ya msalaba wa katekista, akarudia neno lile lile bila kupepesa.  Aliapa kwa wepesi mno. Mtu anayeapa hivyo, nikajiambia, ameshaamua. Sasa ng'ombe wote ni wake kwa kiapo, na mashahidi ni ukoo wetu wenyewe.

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni: Muulizeni vizuri, Leonidas alikuwa anapeleka fedha bondeni. Ningemkomesha papo hapo. Na Eustace angeshuka na vijana wake, angeswaga mpaka ndama wa mwisho, mimi ningebaki na sufuria.

"Kama ni hivyo," akaendelea Eustace, akinigeukia, "mwanamume anampa mjane mtamba kwa lipi? Rambirambi gani isiyoliwa? Ama kuna mali ya marehemu inafichwa, na kesho tutashuka bondeni na balozi tuulize kwa majirani, boma kwa boma. Ama kuna jambo lingine. Shemeji, sema mbele ya ukoo. Una nini na mtu huyu?"

Watu wote waliniangalia. Sharon alikuwa mlangoni na mdogo wake mgongoni. Nilimtazama Malimi usoni nikitafuta alama yoyote, ya wizi au ya wema, ningeshukuru yoyote. Alikuwa anaikunja kofia yake. Eustace angeshuka bondeni na kuuliza majirani wanne tu, mambo yangekwisha. Palikuwa na jibu moja la kumzuia asishuke.

"Kuna jambo," nikasema. "Ndiyo."

"Jambo gani?"

"Hilo hilo mnalolisema jikoni."

Coleta alipiga ukelele. Mama mkwe akafunika uso. Nilikuwa mke wa ndoa ya kanisa, mama wa jumuiya, niliyekuwa nikiwachunguza wanawake wengine wanatoka wapi na vikapu vyao, na nimelisema hilo kwa mdomo wangu mbele ya binti yangu. Sharon alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Nilitaka kumkimbilia nimwambie mwanangu si kweli, na sikuweza, ikabidi nisimame hivyo hivyo.

Kabula akainuka. Alipita katikati ya watu pole pole, akafika mbele yangu, akanizaba kofi. Si kofi la mchezo. Nilisikia sikio linavuma. Kisha akamtukana mumewe kwa Kisukuma, akaketi chini na kugeuza uso ukutani. Sijui hadi leo kama kofi lile lilikuwa la kuigiza. Nimemwuliza mara nyingi, hucheka tu.

Eustace ndiye aliyefurahi, ingawa alijifanya amehuzunika. Kwa mwanamke wa namna hiyo hakukuwa na haja ya kuona haya wala kugawa chochote. Nyumba ya ukoo, stoo ya ukoo, mizani ya ukoo, shamba la Kaengesa la ukoo. "Na hao watoto," akaongeza, "nani ajue ni wa nani. Ondoka nao." Ada ya Sharon ilikuwa karibu. Hapo alifikiri amenitukana na kujiepusha na ada hiyo kwa mkupuo mmoja. Ya kushuka bondeni hakuitaja tena.

Tuliondoka siku iliyofuata, watoto wangu na mimi na mtamba. Majengo nzima ilikuwa milangoni. Malimi na mkewe walitangulia, sisi nyuma, tukashuka barabara ya bondeni kwa miguu, ile ya kona na mawe. Kamba niliishika mwenyewe. Malimi alitaka kunipokea, nikakataa. Kila kona nilikuwa nikihesabu moyoni: sasa ana kiapo, ana ng'ombe, na mimi sina hata jina zuri la kumshtakia. Akinigeuka hapa, nitarudi kwa nani? Sharon alitembea mbali nami njia nzima. Joto la bonde lilikuwa linapanda na sweta zetu za Sumbawanga tumezifunga viunoni.

Tulifika ng'ombe wanarudi malishoni. Malimi hakupumzika wala kunywa maji. Aliingia zizini, akaanza kutenga. Huyu huku, yule huku, anawaita kwa majina, mpaka likawa kundi dogo peke yake upande wa miiba, majike na ndama zao, na dume moja jeusi. Sitasema idadi, nimeshazoea kutoitaja. Lilikuwa kundi la kusomesha watoto.

"Hawa," akasema.

"Uliapa," nikamwambia. Hata pale sauti yangu ilikuwa ya polisi.

"Niliapa marehemu hana ng'ombe. Ni kweli hana. Alipotoka kwenye kikao cha mjane wa mdogo wake, alikuja hapa akasema, kuanzia leo ni wa Bertilla, mimi ni mpita njia tu. Nikifa msiwapeleke kama mali. Wapelekeni kama pole, mmoja mmoja."

Sharon alikuwa amesimama kwenye miiba. Alisikia. Alianza kunitazama tena, na uso wake ukawa unavunjika kidogo kidogo.

Mimi badala ya kufurahi nilipandwa na hasira. "Na mimi mkewe? Miaka miwili! Alishindwa kuniambia mimi?"

Malimi alimtazama mkewe. Kabula ndiye aliyejibu. "Tulimwambia akuambie. Alisema, Bertilla hawezi kuigiza. Akijua, Eustace ataisoma siri kwenye uso wake siku ya kwanza. Lakini akishuku, atashuku kwa kweli, na kila mtu ataona."

Nilisimama na kamba mkononi. Nilitamani awe hai nimpige. Alikuwa ameiweka tabia yangu dhamana bila kuniomba, na aliijua hesabu yake, kasoro kofi na neno nililolisema mbele ya binti yangu. Hayo nadhani hakuyaona mbele. Au labda aliyaona. Hilo nalo nimemshuku.

Nikamgeukia Malimi. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na Mungu anisamehe, lilinitoka kabla sijalizuia.

"Nitajuaje kwamba ni hawa tu?"

Malimi aliitupa fimbo chini akacheka, cheko kubwa, machozi yakamtoka mtu mzima yule, akayafuta kwa kofia yake ya pama.

"Alisema utauliza hivyo," akasema. "Alisema, kabla hata hajashukuru, atauliza hivyo. Akawa anacheka mpaka anakohoa, amekaa pale pale uliposimama."

Nikaketi chini kwenye samadi, nikamlilia mume wangu.